Kuni za mlangilangi na popo wa Nzwani

Mhariri,

Zikitajwa hifadhi za taifa za Komoro, watu husifia kasa wa Itsamia kule Mwali. Wana haki, hifadhi ya kwanza nchini humo ilianzishwa kisiwani hapo mwaka 2001. Hofu yangu iko kwenye kisiwa kingine cha Komoro, Nzwani, mlimani. Huko popo wa Livingstone, mwenye mabawa ya zaidi ya mita moja, hushinda akining'inia kwenye miti mikubwa iliyobaki miteremkoni. Hapatikani kwingine duniani ila Nzwani na Mwali. Misitu hiyo hufyekwa kwa mashamba, na kwa kuni za kuchemshia maua ya mlangilangi, ambayo mafuta yake huishia kwenye manukato ya Ulaya. Mkulima ana watoto wa kulisha, kumfukuza tu hakusaidii. Wanunuzi wa mafuta hayo wachangie majiko yanayokula kuni kidogo.

Msomaji, Tanga