Mshikamano wa dini na jamii asilia ufike Mau pia

Mhariri,

Nimekuwa nikiona picha za watu wetu wa makanisa na mashirika ya dini wakienda makongamano ya kimataifa ya haki za kijamii, wanaandamana na watu wa Amazon, wanaombea pamoja na jamii asilia za Kanada, na mimi nafurahi kabisa, manake imani isiyojali mtu aliyenyang'anywa ardhi ya babu zake sijui ni imani gani. Lakini hawa wajumbe wakishatua uwanja wa ndege wa JKIA na kufungua mabegi, Waogiek, ile jamii asilia ya wawindaji na warina asali wa Msitu wa Mau huko Bonde la Ufa, wanawasikia wapi? Hilo ndilo linanisumbua na ndio sababu nimeandika.

Sisi watu wa Nairobi hatuwezi sema haya mambo ni mageni. Januari 2007 Kongamano la Kijamii la Dunia lilikuja hapa hapa, watu wakaandamana kutoka Kibera mpaka Uhuru Park halafu mikutano ikafanywa Kasarani, na watu wa dini walikuwepo kwa wingi. Mwaka huo huo, tarehe 13 Septemba, Umoja wa Mataifa ukapigia kura Azimio la Haki za Jamii Asilia, nchi 144 zikaunga mkono, 4 zikapinga, na Kenya yetu ikawa kwa zile 11 zilizokaa katikati bila kusema ndio wala la. Hiyo kura bado inaniuma mpaka leo.

Wakati kongamano lilienda Belém huko Brazil 2009, siku nzima iliwekwa kwa ajili ya Amazon na watu wake, na kanisa la kule lilikuwa na haki ya kusimama pale kwa sababu lilikuwa limelipa gharama. Maaskofu wa Brazil wana baraza lao la kutumikia jamii asilia tangu 1972, na Sista Dorothy Stang alipigwa risasi akafa Februari 2005 pale Anapu, jimbo lilelile la Pará ambalo Belém ndio mji wake mkuu, akitetea msitu na wakulima wadogo. Kongamano lilipofika Montreal, Kanada, 2016 (ambako Waafrika wengi walinyimwa viza, na hiyo pia ni haki ya kuongelewa siku nyingine) makanisa yalikuwa na deni, kwa sababu ndiyo yaliendesha zile shule za bweni za serikali, watoto zaidi ya 150,000 wa jamii asilia wakatolewa kwa wazazi wao. Papa Francis alienda Kanada mwenyewe Julai 2022 kuomba msamaha, na Machi 2023 Vatikani ikasema wazi kwamba inakataa ile nadharia ya kale iliyowapa wafalme wa Ulaya ruhusa ya kuchukua nchi za watu ati "wamezigundua". Wenzetu wameanza na kwao.

Sasa sisi tuko na kesi ambayo hata haihitaji kubishaniwa tena kwa sababu imeshaamuliwa. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu pale Arusha, tarehe 26 Mei 2017, ilisema Kenya ilikosea Waogiek kwa kuwafurusha Mau, ikasema msitu ni makao yao, na ikakataa ile hoja ya ati wao ndio wanaumaliza. Mahakama ilisema walioharibu ni watu wengine walioingia, na serikali yenyewe ilipokata vipande vya kugawa na kupeana vibali vya kukata miti. Halafu Juni 2022 ikaamuru walipwe shilingi milioni 57.85 za hasara na milioni 100 za mateso, wapimiwe ardhi na wapewe hati ya pamoja kama jamii. Miaka imepita, pesa hazijalipwa na hati hakuna. Badala yake Novemba 2023 wakaja tena kubomolewa nyumba kule Sasimwani, Narok, mamia ya watu nje na watoto na mvua inanyesha, na sababu iliyotolewa ni ileile, tunaokoa msitu.

Na hapa naomba watu wa dini wasikilize vizuri. Julai mwaka huo huo wa 2023, marufuku ya kukata miti iliyokuwepo tangu 2018 iliondolewa, na tangazo lilitolewa Molo, kando ya Mau, siku ya Jumapili kwa ibada. Yaani kwa ibada tunaambiwa miti ikatwe, miezi minne baadaye mtu anayetundika mzinga wake juu ya mti na anahitaji ule mti ukiwa mzima ukichanua ndio nyuki wapate asali, huyo ndiye anaambiwa ni adui wa msitu atoke. Ni viongozi wangapi wa dini walisimama Jumapili iliyofuata wakasema hii si sawa?

Siongei kama mtu wa nje. Niko jumuiya ndogo ya Kikatoliki huku Kayole, na kila Kwaresima tunaletewa kile kijitabu cha tume ya kanisa ya Haki na Amani, kila wiki kina mchoro wake, tunakipitisha mkono kwa mkono, tunaulizana umeona nini hapo, halafu tunasoma kisa, halafu tunasema tutafanya nini. Kuna mzee wetu mmoja mnyamavu sana, hata sala huomba kwa sauti ya chini, lakini wiki ya mchoro wa ardhi aliongea mpaka chai ikapoa kwa vikombe, akituelezea vile familia yao ilihamishwa akiwa mtoto na hawakurudi tena. Watu walilia. Kwa hivyo msiniambie ati waumini wa Nairobi hawawezi elewa mambo ya Waogiek au Wasengwer, jamii asilia nyingine ya msitu wa Embobut, nusu ya huu mji ni watoto wa watu waliohamishwa mahali.

Na si Wakristo pekee. Waaweer wa Lamu, wale wengi huwaita Waboni, ni Waislamu, na tangu oparesheni ya usalama ianze msituni 2015 maisha yao ya kuwinda na kurina asali yamebanwa sana. Mashehe wetu wanaopaza sauti kwa haki ya Wapalestina, na wanafanya vizuri, wakumbuke hawa Waaweer nao ni ndugu zao wa swafu moja.

Ninachoomba ni hivi. Hukumu ya Arusha iandikwe kwa Kiswahili chepesi iingie kwa kijitabu cha Kwaresima na kwa hotuba za Ijumaa. Makanisa yenye mashamba ya misheni waliyopewa na mkoloni yafungue rekodi waone nani alikuwa anaishi hapo kwanza. Na kongamano lingine likifika, zile tiketi za ndege mbili au tatu zipewe mama wa Sasimwani na kijana wa Embobut, waongee wenyewe, na askofu akienda aende kama mtu wa kuwasindikiza.

Kijitabu cha mwaka ujao huandaliwa mapema, kwa hivyo walio ofisini wanaweza anza na hilo sasa.

Mwanajumuiya,
Kayole, Nairobi