Saidia fundi naye apewe mwiko

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie namna vijana wanavyoingia katika kazi ya kupiga lipu. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma, ujenzi hapa mjini umeshika kasi, na karibu kila penye nyumba iliyokwisha kuezekwa utamkuta saidia fundi akichekecha mchanga na kubeba karai, lakini ni nadra kumkuta ameshika mwiko. Fundi anayelipwa kwa mita za mraba huona kumfundisha kijana ni kupoteza siku.

Hasara yake humwangukia mwenye nyumba. Ukuta wa matofali makavu usiponyunyiziwa maji kabla ya lipu, hunyonya maji ya mchanganyiko kabla saruji haijashika, na miezi michache baadaye ukiugonga kwa kidole unasikia mlio wa uwazi, kwa sababu lipu imeachia. Kijana anapaswa kujua pia kwamba mchanganyiko ulioanza kukaza hauongezwi maji ili utumike tena, na kwamba lipu iliyokamilika humwagiliwa kwa siku kadhaa, jambo ambalo kwa ukame na upepo wa Dodoma halifai kabisa kupuuzwa. Kupitisha rula juu ya lipu mbichi na kutambua palipobonyea ni ujuzi wa mkono. Hakuna anayeupata kwa kumtazama mwenzake.

VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, hufundisha uashi, na aliyejifunzia mtaani anaweza kupimwa na kupewa cheti kwa utaratibu wa urasimishaji wa ujuzi. Utaratibu huo naupenda sana, ila humpima aliyekwisha kujua. Kwa hiyo napendekeza mikataba ya majengo ya umma imtake mkandarasi awe na mwanagenzi katika kila kikosi cha lipu, aanzie stoo na kuta za vyoo, ambako vigae vitafunika kasoro ndogo, ndipo afikie sebule, na mwisho apelekwe kupimwa.

Nao vijana wasisubiri kuitwa mafundi ndipo wanunue mwiko, timazi na pima maji. Kazi ya kwanza ya kujitegemea iwe chumba kimoja, na bei isitajwe kabla kuta hazijapimwa, kwa maana wengi huanza kwa kupatana jumla, fedha huisha kazi ikiwa nusu, na mteja wa kwanza hupotea pamoja na wale ambao angewaleta.

Fundi lipu,
Dodoma