Malalamiko kuhusu mafuta ya giaboksi ya pikapu yangu

Kwa Meneja wa Huduma,
Malindi.

Bwana Meneja,

Shughuli yangu ni kuvuta mashua kwa tela kati ya Ngomeni, Mambrui na Malindi. Kaskazi inapoisha na kusi kukaribia, wenye mashua huzipandisha nchi kavu kwa matengenezo, na hapo ndipo pikapu yangu hufanya kazi kuliko wakati mwingine wowote. Kwa sababu hiyo niliileta kwenu mwishoni mwa mwezi wa tatu ibadilishwe mafuta ya giaboksi, ikiwa imetembea kilomita 238,000.

Nilimweleza mpokezi wenu, naye akaandika kwenye kadi ya kazi, kwamba gari ni la otomatiki na huvuta mzigo, kwamba sampu (karai la mafuta chini ya giaboksi) ifunguliwe, filta ibadilishwe na sumaku zinazonasa unga wa chuma zisafishwe, na kwamba mafuta yawe Toyota WS kama kitabu cha gari kinavyoagiza. Niliomba pia mafuta ya zamani yamwagwe kwa kufungua nati, yasisukumwe kwa mashine, kwa kuwa katika giaboksi iliyokwisha kutembea masafa marefu uchafu uliotulia huweza kung'oka na kuziba njia nyembamba za mafuta. Jioni nilikabidhiwa risiti ya lita 10 za WS, filta, gasketi na ufundi, nikalipa zote.

Siku ya tatu nilikuwa natoka Ngomeni na mashua ya futi 26, sijafika daraja la Sabaki, nilipokanyaga mafuta injini ikanguruma na mshale wa mizunguko ukapanda, lakini gari halikuongeza mwendo. Harufu ya kuungua ilinilazimu kusimama, na mashua ya watu ikalala njiani hadi magharibi.

Fundi niliyemwendea alinitaka nisimame karibu nishuhudie. Alisubiri mafuta yapate joto la nyuzi 40 hivi huku injini ikiunguruma, akafungua tundu la kupimia kiasi, ambapo ilipasa mafuta yachuruzike kidogo. Halikutoka hata tone. Nati za sampu zilikuwa na kutu na vumbi lililogandamana, wala hapakuwa na alama ya spana. Ndani tulikuta filta ileile ya zamani, na sumaku zimevaa tope la kijivu la unga wa chuma, laini kama wanja. Unga huo peke yake si kosa lenu, maana kila giaboksi husagika. Kosa ni kunitoza kazi ya kuusafisha ilhali hakuna aliyeugusa.

Nyuma ya pikapu nilikuta galoni moja tupu ya lita 4, yenye maandishi ya Dexron III, mafuta ya giaboksi ya aina nyingine. Tafadhali pigeni hesabu pamoja nami. Mafuta yakimwagwa kwa nati tu, chini ya nusu ndiyo hutoka, kwa kuwa mengine hubaki ndani ya toki konveta, inayounganisha injini na giaboksi, na mabomba ya kupoozea. Lita 10 hazikuweza kuingia mahali palipotoka kama 4, na hata hizo 4 si za aina niliyolipia. Giaboksi yenye mafuta pungufu, tena ya aina isiyoagizwa, ikiwekewa mzigo huo hupata joto kali na kuanza kuteleza.

Nilipopiga simu nilijibiwa kwamba gari lililochakaa likibadilishwa mafuta hufa giaboksi. Hilo huwapata walioacha mafuta yaleyale miaka yote. Yangu yalibadilishwa kwenye kilomita 90,000 na tena 160,000, na risiti zake ninazo. Kama hamkuwa na WS siku ile, mngeniambia tu, ningesubiri. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Ninaomba mnirudishie fedha zote nilizolipa, mlipe gharama ya ukaguzi wa fundi, na giaboksi ifunguliwe mbele yangu na fundi tutakayekubaliana ili uharibifu ujulikane, nanyi mbebe gharama ya kuurekebisha. Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mteja haki ya huduma ya ubora unaofaa na haki ya kupata taarifa anazohitaji ili anufaike kikamilifu na huduma hiyo. Nisipopata jibu la maandishi ndani ya siku 14, nitawasilisha lalamiko hili kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya.

Nimeambatanisha nakala ya kadi ya kazi, risiti na picha za sampu. Filta na galoni nimevihifadhi.

Wako mwaminifu,
Mwenye pikapu