Pua si kipimo cha thina

Mhariri,

Naomba nafasi gazetini mwako niseme na mafundi seremala wenzangu wa Lamu, hasa sisi tunaofanyia kazi vyumba vya chini vya nyumba za mawe, kuhusu thina tunayochanganyia vanishi. Mvua za kusi zinapokazana, hufunga milango ili unyevu usiharibu mng'ao wa mlango tuliouchonga kwa wiki kadhaa, tukashinda humo na wanagenzi wetu, na anayelalamika kichwa huambiwa kwamba atazoea.

Ni kweli atazoea, na hapo ndipo penye hatari. Thina nyingi zina toluini, kemikali ambayo harufu yake husikika mara kopo linapofunguliwa, lakini baada ya muda pua huchoka na kuacha kuisikia ilhali mvuke ungali umejaa chumbani. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa takriban mara tatu, kwa hiyo hutanda chini, pale anapochuchumaa kijana anayepaka miguu ya kiti. Ukishaingia mapafuni hupanda hadi kwenye ubongo, mtu akashikwa na kichefuchefu, kizunguzungu na ulevi ambao si wa pombe. Anayeuvuta kwa wingi miaka mingi huweza kupungukiwa na kumbukumbu, usikivu, hata uwezo wa kupambanua rangi (na fundi asiyepambanua rangi atakula nini?). Barakoa za kitambaa tulizobaki nazo tangu korona huzuia vumbi tu. Mvuke huhitaji barakoa yenye kichujio cha mkaa maalumu, nacho hubadilishwa.

Nchini Marekani sheria imeweka kikomo cha sehemu 200 za toluini katika kila sehemu milioni moja za hewa kwa zamu ya saa 8, na taasisi yao ya usalama kazini, NIOSH, hupendekeza 100. Karakana zetu hazina chombo cha kupimia, basi tupakie vanishi uani, au tuache wazi milango miwili inayoelekeana, hata kazi ikichelewa siku mbili.

Wenye maduka nao waache kutupimia thina katika chupa za maji ya kunywa zisizo na alama. Mtoto akiinywa asitapishwe, kwani ikirudi huweza kuingia mapafuni. Apelekwe hospitali upesi pamoja na chupa yenyewe.

Fundi seremala,
Langoni, Lamu.