Barua ya wazi kwa Katibu Tawala wa Mkoa wa Mtwara kuhusu seva za hospitali na vituo vya afya

Ndugu Katibu Tawala,

Salaam kutoka Mikindani. Mimi ni mtunza kumbukumbu za tiba mstaafu. Nimekaa dirisha la mapokezi miaka mingi, kwanza na makabati ya faili za kaki, baadaye na kompyuta. Nakuandikia hadharani kwa sababu jambo hili nimelisema vikaoni mara nyingi, likaandikwa kwenye muhtasari, likabaki humo humo.

Nianze na siku moja. Ilikuwa Jumatatu, msimu wa korosho, watu wamepanga foleni tangu alfajiri. Nikawasha kompyuta, mfumo haukufunguka. Nikadhani ni mtandao. Afisa TEHAMA alikuwa mmoja, anazunguka vituo vyote, akafika saa saba mchana. Tukaingia naye kwenye chumba cha seva, ambacho kilikuwa stoo ya dripu na maboksi ya glovu. Seva, yaani kompyuta kuu inayotunza kumbukumbu zote za wagonjwa, ilikaa juu ya meza ya mbao. Kiyoyozi kilikufa tangu masika, na ndoo ya kukingia maji yake ilikuwa bado iko pale pale, imejaa vumbi. Ukitega sikio ulisikia diski ikigonga ndani, tk, tk, kama ukucha kwenye bati. Kijana akazima umeme, akafungua kifuniko, akanionyesha vichwa vya nyaya: vimeota kutu ya kijani kwa chumvi ya bahari. "Mama, hii ndiyo basi tena," akaniambia.

Nakala rudufu, bakapu kama tunavyoiita, ilikuwepo. Ilikuwa kwenye flashi, kwenye droo ya mhasibu. Tukaichomeka. Ilikuwa ya miezi saba nyuma, na tulipojaribu kuirudisha ikagoma katikati. Tangu iwekwe pale, hakuna aliyewahi kuijaribu.

Wiki ile akaja bibi mmoja mwenye kisukari. Dozi yake ya insulini ilikuwa imebadilishwa mara mbili ndani ya miezi ile iliyopotea, na daktari aliyeibadilisha amekwisha kuhamishwa. Kadi yake ya kliniki ilikuwa imelowa mvua, wino umetawanyika. Daktari mgeni akamuuliza, "Bibi, unachoma yuniti ngapi?" Bibi akachukua bomba la sindano lililokuwa mezani, akaweka kidole katikati: "Mpaka hapa, mwanangu." Lakini bomba lile halikuwa la aina aliyozoea nyumbani, na vipimo vyake vilikuwa vingine. Ilibidi alazwe siku tatu, sukari ipimwe upya, dozi ipandishwe kidogo kidogo kama mtu aliyegundulika jana. Alitoka salama, namshukuru Mungu. Lakini kidole kile sijakisahau.

Ndugu Katibu Tawala, sisemi kwamba Serikali imekaa bure. Vituo vingi vimewekewa GoT-HoMIS, mfumo wa Serikali wa kompyuta wa kuendesha hospitali na kutunza kumbukumbu za wagonjwa, na taarifa za MTUHA, yaani takwimu za huduma za afya, zinapanda kwenye DHIS2, mfumo wa kukusanyia takwimu hizo, kila mwezi. Tatizo ni kwamba taarifa ya MTUHA inabeba hesabu: wagonjwa wa malaria wangapi, waliojifungua wangapi. Haimjui bibi yule wala yuniti zake. Yeye alikuwa ndani ya ile diski iliyokuwa inagonga, na diski ya seva ni kitu cha kubadilishwa kila baada ya miaka mitatu hadi mitano hata ikitunzwa vizuri. Chumba cha seva kinatakiwa kiwe kati ya nyuzi 18 na 27. Betri ya UPS, kile kifaa kinachoshikilia kompyuta umeme ukikatika, ikikaa kwenye joto, kila nyuzi 10 zinapozidi 25 umri wake hupungua karibu nusu. Hapa kwetu Desemba, stoo isiyo na kiyoyozi, piga hesabu mwenyewe. Na mzigo unaongezeka: picha moja ya eksirei ya kidijiti inaweza kula megabaiti 10 na zaidi, na CT-scan ya mgonjwa mmoja mamia ya megabaiti.

Wapo watakaokushauri kuwa dawa ni kuhamishia kila kitu kwenye kituo cha data Dar es Salaam au Dodoma, mkoa upumzike na seva. Nakubaliana nao nusu. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilitupiga pwani ya kusini na barabara ya kwenda Dar ikakatika upande wa Kilwa. Siku chache baadaye, tarehe 12, nyaya za intaneti zilizopita chini ya bahari nazo zikakatika, na Afrika Mashariki nzima ikayumba. Mjamzito anayetokwa damu hawezi kungoja waya uunganishwe baharini ndipo tujue kundi lake la damu. Kituo kibaki na seva ndogo inayofanya kazi hata mtandao ukizima, na usiku, mtandao ukiwepo, nakala iliyofungwa kwa nywila iende kwenye kituo cha data cha Serikali. Na diski mbili zinazoakisiana ndani ya seva moja zisihesabiwe kuwa ni bakapu. Mwizi anabeba zote, moto unaunguza zote, na kirusi kikiingia kinaandika upuuzi kwenye zote mbili kwa wakati mmoja.

Hilo la virusi lisidharauliwe kwa kuwa sisi tuko mbali. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilifunga kompyuta za hospitali nyingi za umma Uingereza, na kinga yake ilikuwa imetolewa miezi miwili kabla, hazikuwekewa tu. Mei 2021 Ireland walishambuliwa vivyo hivyo, wakalazimika kuzima mifumo ya afya ya nchi nzima na kurudi kwenye karatasi. Wale wana mafundi wa kutosha. Sisi bado tuna kompyuta za Windows 7, ambayo Microsoft waliacha kuihudumia Januari 2020.

Mkulima wa huku tangu 2007 anapeleka korosho ghalani anapewa stakabadhi. Anajua ghala ni lipi na kilo ni ngapi, na korosho zikiingia unyevu anajua mlango wa kugonga. Mgonjwa anatukabidhi siri zake, VVU, mimba, maradhi ya akili, naye tukimuuliza ziko wapi hajui. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imezitaja taarifa za afya kuwa nyeti na imemtwisha mzigo anayezishika. Kwenye kituo nilichofanyia kazi, aliyezishika alikuwa ni nani? Mhasibu mwenye droo?

Sekretarieti yako ndiyo inayopitia bajeti za halmashauri zote tisa kabla hazijakwenda juu. Naomba usipitishe mpango wa afya wa halmashauri usio na kifungu cha seva: diski, betri, kiyoyozi, pamoja na mtu mwenye jina anayewajibika kwa nakala. Kila miezi mitatu mtu huyo akae na Mganga Mfawidhi, wachukue bakapu ya jana, waifungue kwenye kompyuta nyingine, watafute mgonjwa mmoja na kuona kama dozi yake imo. Waandike tarehe, wasaini. Ni kazi ya mchana mmoja. Na stoo za dripu zirudi kuwa stoo za dripu.

Mwaka wa fedha unaanza Julai, na vikao vya makisio viko mbele yetu. Nikiitwa nitakuja mwenyewe, na nitakuja na rejesta ya karatasi niliyoifungua asubuhi ile ya Jumatatu. Majina yamo, namba za faili zimo, na safu ya dawa nimeiacha wazi kwa kila mgonjwa ambaye hatukuweza kujua alikuwa anameza nini.

Wako katika kazi,
Mtunza kumbukumbu za tiba mstaafu,
Mikindani