Barua kwa Mama Neema, kutoka Kibirizi, Kigoma

Mama Neema mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Barua yako nimeipata kwa yule kijana aliyeshuka na treni ya Tabora, pamoja na asali. Asali watoto wameshaimaliza.

Unasema ukiomba ni kama unaongea na ukuta, na unaogopa kumwambia mtu kanisani kwa sababu wewe ndiye kiongozi wa akina mama. Nilicheka kidogo, usinichukie. Mwaka jana mimi nilikuwa hivyo hivyo. Kwaya naimba, mikono nainua, moyoni kukavu.

Nikajaribu kulazimisha. Nikafunga siku tatu, nikakesha Ijumaa mbili mfululizo, nikaambulia maumivu ya kichwa na kugombeza watoto. Mwishowe nikamweleza bibi mmoja tunayeanika naye dagaa. Tulikuwa tumeinama tunawageuza mchangani, jua linachoma, magamba yamenata vidoleni. Hakukimbilia kuniombea, na hilo namshukuru mpaka leo. Aliuliza tu, "Unalala saa ngapi?"

Nikakosa jibu. Saa tisa usiku niko mwaloni nangoja mitumbwi, mchana sokoni, jioni mazoezi ya kwaya. Akanikumbusha nabii Eliya chini ya mti wa mretemu, alivyoomba afe. Malaika hakumkemea. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena.

Halafu akanituma kwenye Zaburi ya 88. Isome leo. Zaburi nyingi za kilio hugeuka mwishoni zikawa sifa; hii inaishia gizani, na imo kwenye Biblia vilevile. Tangu hapo nikaacha kutafuta maneno mazuri. Nasema, "Bwana, leo sina kitu, nimekuja hivi hivi," kisha nalala.

Furaha haikurudi kwa kishindo. Jumapili moja nilijikuta nalia katikati ya pambio, wiki iliyofuata pakavu tena. Ila siogopi kama zamani.

Tafuta mtu mmoja umwambie, asiwe wa kamati! Na kama usingizi umekukimbia kabisa na chakula hakipiti, nenda hospitali pia. Huko si kukosa imani.

Huku sasa ni mbalamwezi, dagaa hawafuati taa, wavuvi wako nyumbani wanashona nyavu. Nina nafasi mpaka wiki ijayo. Panda treni uje ulale hapa siku tatu, kwaya hatuendi. Uje na asali nyingine.

Wako,
Mama Baraka