Kanga za bibi yako

Mwanangu,

Huku tu wazima, alhamdulillahi. Uliponiomba kanga za marehemu bibi yako uzikate kwa kazi yako ya sanaa, nilinyamaza kwa kuwa nilitaka kulifungua kasha kwanza. Nimelifungua jana baada ya alasiri. Magharibi ikanikuta bado nimekaa chini.

Ulinieleza habari za yule msanii Lubaina Himid, aliyezaliwa hapa kwetu Unguja mwaka 1954, baba yake akafariki, mama akampeleka Uingereza angali mchanga. Tuzo ya sanaa ya Turner ya mwaka 2017, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata, ni heshima kubwa. Lakini mimi kilichonigusa ni kwamba mama yake alikuwa mbunifu wa vitambaa, naye binti ukubwani akachora kazi kwa mtindo wa kanga, pamoja na maneno yake. Alitolewa hapa hajajua hata kutambaa, mwanangu, na kanga ikamfuata.

Sasa sikiliza. Kuna doti moja ya pindo jekundu, jina lake, yale maneno yaliyoandikwa, "Wema hauozi". Bibi yako na dada yake waligawana, kila mmoja upande wake, dada alipoolewa Tanga. Alipofariki, upande ule ukarudishwa kwetu. Vitandaze pamoja uone: cha Tanga kimepauka, mji wake, pale katikati, umekuwa kama maziwa yaliyotiwa chai kidogo, maana walikuwa wakifulia maji ya kisima yenye chumvi. Cha bibi bado kimeiva. Pindo amelikunja kwa mkono, uzi mweusi, ulipomwishia akamalizia kwa mweupe. Hivyo viwili ukivitumia, viweke ubavu kwa ubavu, na usikate jina. Wanawake wale hawakuachiwa karatasi wala kalamu. Walichotaka kusema walikwenda kukichagua dukani, wakajifunga kiunoni.

Nyingine kata, nimeridhia. Usizifue tu. Harufu ya udi ikitoka hairudi, na yale madoa ya manjano ni liwa na manjano ya siku za arusi.

Nimezifunga kwenye shuka, atakuletea mjomba wako akisafiri. Utahesabu utaona moja haipo, ile iliyochujuka katikati, bibi aliyokubebea mgongoni. Hiyo nimebaki nayo.

Mama yako